Mlinzi wa Daraja Hafi

"Tia makosa machache tu, shemeji," alisema Oryem. "Mawili matatu kila ukurasa. Programu itakupitisha."

Zulaikha hakuinua macho. Alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, akisuka kawa la kufunikia chakula. Alipenyeza sindano, akavuta ukindu mwekundu mpaka ukakaza. Tangu mumewe Nasif azikwe hakuwa ametoka nje ya ua wao wa Mengo. Eda ilikuwa haijaisha. Ndiyo maana Oryem alifunga duka lake la uchapaji kule Wandegeya akaja mwenyewe. Alikaa karibu na mlango, na Maimunah, dada yake Nasif, alikaa katikati yao akitwanga tangawizi ya kahawa.

Oryem na Nasif walikuwa wakicheza pamoja Ngome ya Jivu, mchezo wa simu wenye majoka na wachawi. Nasif, polisi wa zamu, alikuwa humo mlinzi wa daraja. Baada ya maziko Zulaikha alianza kumwandikia mlinzi huyo hadithi. Humo mlinzi anampenda mwoka mikate. Mvua inanyesha, wanagombania blanketi. Kila jioni anaacha buti mlangoni, pua zikielekea darajani, maana anaweza kuitwa wakati wowote. Zulaikha aliituma sura kwa sura kwenye kundi la wachezaji, nao wakaisubiri kama futari.

Sasa kundi lilikuwa linachapa kitabu cha hadithi zao kwa ajili ya mkutano wa Jumamosi. Mtu mmoja akaipitisha ya Zulaikha kwenye programu ya kukagua. Programu ikasema imeandikwa na akili mnemba.

"Na wewe ukaiamini," alisema Maimunah.

"Siamini wala sikatai, dada. Wengine ndio wanasema ikiingia, wao wanatoka."

"Nasif alikuita ndugu. Leo umekuja kumwuliza mjane wake kama yeye ni roboti."

Oryem alicheka kidogo, kisha akaona anacheka peke yake.

"Wanasema nini hasa?" aliuliza Zulaikha.

"Kwamba ni safi mno. Na tamu mno. Sura zote hizo, hakuna anayekufa. Hata joka linaugua mafua linapona. Eti mashine ndiyo huandika hivyo, kwa sababu haijui kifo."

Maimunah aliitia tangawizi kwenye birika la kahawa.

"Mimi nakijua," alisema Zulaikha. "Ndiyo maana hafi."

Aliligeuza kawa, akalisukuma mpaka magotini pa Oryem.

"Nikikupa hili lina tundu, ili uamini nimelisuka kwa mkono, utalichukua?"

"Nzi wataingia."

"Basi."

Oryem alilishika kawa, hajui aliweke wapi. "Ua mtu mmoja tu, shemeji. Hata yule mchawi mzee. Hana watoto."

"Ana paka."

Maimunah alijiziba mdomo kwa kanga.

"Wataitoa, Zulaikha," alisema Oryem.

"Waitoe. Lakini waje waniambie hapa. Mimi sitoki, mlango uko wazi. Wavue viatu, wakae hapo ulipokaa, niwasomee. Atakayesikiliza mpaka mwisho na bado akaniita mashine, nitampa kahawa, anywe, aende zake. Neno sibadilishi."

Oryem alilirudisha kawa polepole, akainuka. Kitabu kilikuwa kinangoja kwenye mashine yake, na wa kuamua kurasa zipi ziingie alikuwa yeye.

Mlangoni aliinama kutafuta viatu vyake. Vilikuwa kando ya jozi ya buti nyeusi za polisi ambazo alikuwa amezivuka alipoingia, bila kuziangalia. Zilikuwa zimepakwa rangi asubuhi ile, kamba zimelegezwa tayari kwa mguu, pua zimeelekea langoni.

Aliketi kizingitini. Alitoa simu, akalifungua kundi la wachezaji, kisha akairudisha mfukoni.

"Kahawa inapoa, Oryem," aliita Maimunah.

Ndani, Zulaikha alichagua ukindu wa kijani, akaanza mzunguko mpya. Oryem alikuwa bado ameketi pale, miguu mitupu, kando ya zile buti.