Sauti ya Nne na Goti Langu

Mjukuu wangu alipochumbiwa nilimwahidi kumpigia kinanda mwenyewe, kama nilivyompigia mama yake na nusu ya watu wanaosali kanisani kwetu. Kupiga kinanda na kufundisha kwaya ndiyo kazi niliyozeekea. Basi wiki ya harusi goti langu la kushoto likavimba kama boga.

Kinanda chetu hupigwa kwa mikono na miguu. Mikono hubeba wimbo, miguu hukanyaga mbao za chini zinazotoa zile sauti nzito. Bila miguu, wimbo unaelea tu.

Kwenye mazoezi ya mwisho nilianza wimbo wa kumwingiza bibi harusi. Pale mguu wa kushoto unapotakiwa kushuka, goti likagoma. Nikajaribu tena, likagoma tena. Machozi yakanitoka mbele ya wanakwaya wangu.

“Mke mwenzangu,” nikamwambia mjukuu, “tafuteni muziki wa spika. Mimi basi.”

“Bibi, spika haikunilea. Usipopiga wewe, siingii.”

“Usipoingia, yule bwana nabaki naye mimi.”

Watu wakacheka, lakini nilimwona akiuma mdomo.

Ndipo muuza nyama, kiongozi wa sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, akasogea. Tangu ujana wake nimemkaripia kwa kuimba kama anaita wateja. Akainama, akatazama goti, kisha zile mbao.

“Mwalimu, hizi noti za chini si ndizo tunazoimba sisi?”

“Ndizo. Ila bibi harusi akiingia, kwaya haiimbi.”

“Hatutaimba. Tutavuma kama nyuki, midomo imefungwa.”

“Wewe ufunge mdomo?”

Mkewe akadakia kutoka sauti ya kwanza, “Mwalimu, muache ajaribu! Tangu nimeolewa naingoja siku hiyo!”

Wanaume wakanizunguka. Nikapiga kwa mikono tu. Mara ya kwanza walinimeza kabisa.

“Punguzeni! Anaingia bibi harusi, si ng’ombe.”

Tukarudia. Safari hii uvumi wao ulipita chini ya vidole vyangu taratibu, hata kiti nilichokalia kikatetemeka kidogo. Mjukuu wangu akaniegemea begani. Nikawaambia waende wakapumzike. Wakagoma kama goti langu, wakabaki kurudia peke yao.

Siku ya harusi nilikuta kigoda chenye mto chini ya kinanda, cha kuwekea mguu. Mpaka leo hakuna anayekubali kwamba ndiye aliyekileta.

Milango ikafunguliwa, tukaanza. Mjukuu wangu alitembea polepole, akishikwa mkono na huyu, akipigwa busu na yule, hata wimbo ukaisha akiwa bado katikati ya kanisa. Kwa kawaida ningerudia kutoka mwanzo. Nikainua mikono ili nianze upya, lakini wale wanaume hawakunyamaza. Waliishikilia ile noti ya mwisho, wakipokezana pumzi, muuza nyama akiwa amevimba mashavu na jasho likimtiririka.

Maharusi wote niliowapigia niliwaona kwenye kioo kidogo juu ya kinanda, kwa sababu mpigaji huwapa watu mgongo. Nikaiweka mikono mapajani, nikageuka, nikamtazama mtoto wetu akija.