Vifaranga vya Chausiku

Gari lilizima kwa mara ya tisa pale Makurunge, na safari hii Chausiku alizungusha ufunguo mpaka mkono ukamwuma. Injini ilishika, ikatetemeka kama mgonjwa wa homa, ikakata.

Nyuma, Dija, msaidizi wake, alikuwa amekumbatia mifuko ya nailoni, kanga mbichi juu yake. Ilikuwa mifuko kumi ya maji na hewa ya oksijeni, na ndani yake vifaranga vya samaki, perege, walivyovichukua Mbegani saa mbili asubuhi. Aliyewafungia aliwaambia bila kupepesa macho: saa sita za njiani, mama, zisizidi, na jua lisivipige. Sasa ilikuwa saa tano.

Huko Fukayosi wanawake kumi na mmoja walikuwa wakiwasubiri kando ya bwawa walilolichimba kwa majembe kiangazi kizima. Waume zao waliwacheka. Chausiku ndiye aliyewashika mkono mmoja mmoja akawaambia, "Chimbeni, samaki nitawaleta mimi."

Alipungia mkono magari mawili. La kwanza lilijaa watu na magunia. La pili halikupunguza hata mwendo. Basi wakalisukuma gari, yeye na Dija, mpaka kwenye banda la Wilbrodi, fundi umeme wa magari, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Linasumbuaje?"

"Nikikanyaga mafuta linakwenda. Nikiachia tu, linazima. Nina viumbe humo ndani, mzee wangu, vinakufa."

Wilbrodi alichungulia mifuko, akatikisa kichwa, akaamuru ishushwe kivulini. Kisha akachomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani, akasoma.

"Valvu ya oili. Hii inayopanga muda wa valvu za injini kufunguka. Umeme wake una kasoro."

Chausiku aliinama kuitazama mashine. "Imebadilishwa mara mbili mwezi huu!"

"Basi si valvu."

Akachomoa soketi ya valvu ile na kumwambia awashe. Injini ikatulia, ikanguruma taratibu. Chausiku akaruka nje. "Dija, pakia! Twende hivyo hivyo!"

"Utakwenda," Wilbrodi alisema, "ila nguvu itapungua. Njia ya huko unakovipeleka ikoje?"

Chausiku akaifikiria njia ile. Kutoka barabara kuu kulikuwa na mchanga mtupu, mzito, hata gari zima lilipita kwa kuomba. Akiwa na maji yote yale angezama katikati, na jua la saa sita utosini.

"Nipe nusu saa," alisema mzee.

Akampa.

Wilbrodi alipima valvu kwa mita, ikawa nzima. Akapima tundu za soketi, akakunja uso. "Waya huu hupewa umeme kwa vipindi, kompyuta inapoamuru. Lakini umeme umekaa tu hapa. Hakuna aliyeutuma. Unavuja kutoka waya jirani." Akaanza kuufuata waya kwa vidole, ukapotelea ndani ya kifungu kikubwa cha nyaya nyuma ya injini. Akafungua bolti hii, akafungua ile. Nusu saa ikapita, na nyingine ikaingia.

"Mama Chausiku," Dija aliita kwa sauti ndogo. "Njoo uone."

Katika mfuko mmoja vifaranga vilikuwa vimegeuka, matumbo meupe juu. Katika wa pili vilipanda usoni mwa maji vikifumba na kufumbua midomo. Chausiku alipiga magoti, akaupepea mfuko kwa ncha ya kanga, akijua kuwa upepo ule hauingii ndani. Ningeondoka, aliwaza. Ningeondoka zamani, hata kama ni kuzama. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Huyu hapa!"

Wilbrodi alikuwa amelala juu ya injini, mkono umezama mpaka bega. Kifungu kilikuwa kimesuguliwa na kipande cha chuma, nyaya mbili zimechunika, shaba kwa shaba zinagusana. Alizitenganisha, akazizungushia utepe kila moja peke yake, akakifunga kifungu mbali na kile chuma. Akarudisha soketi. Injini ikashika na kukaa.

"Nenda, mama. Usinishukuru, nenda!"

Saa nane kasorobo walikata mchanga, gari likiunguruma na kuyumba, lakini likapita. Wanawake walikimbilia mifuko. Walipoifungua na kuyachanganya maji kidogo kidogo na ya bwawa, mifuko minne haikuwa na uhai hata kidogo. Katika sita iliyobaki, vilivyokuwa hai vilielea kwanza kama vimelewa, kisha vikaogelea kimoja kimoja na kuzama kwenye giza la bwawa.

Chausiku alisimama ukingoni, viatu mkononi. "Kosa langu," alisema. "Nilichagua kumsubiri fundi. Pengine ningeondoka mapema vingepona vyote. Sijui. Na mkinilaumu, nimekubali."

Mwanvita, mkubwa wao, alikuwa majini mpaka mapajani, akiwakusanya wafu kwa ungo.

"Lawama tutaigawana jioni," alisema bila kugeuka. "Sasa shuka unisaidie, hawa wakioza humu watawaua wazima."

Chausiku akakunja kanga, akaingia.