Umri wa Yasmine

Siku ya kumi na moja tangu Yasmine alale kwenye sementi ya gereza pamoja na wanawake wakubwa, mama yake Feza alikaza kilemba, akatoka mtaa wa Kamalondo kwa miguu mpaka parke, ofisi ya mashtaka, kwa magistra. Nyuma yake alikuja Mwalimu Shafi wa madrasa, mzee mwenye daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Adhuhuri ile faili la Yasmine lingepelekwa kwenye mahakama ya watu wazima. Likishafika kule, nani angelirudisha?

Walisema ameiba simu katika villa moja ya Golf, mtaa wa matajiri, mahali alipokuwa akifua nguo. Simu yenyewe haikuonekana kwake wala kwao. Lakini bibi wa villa alipiga kelele, na polisi wa mji huu husikia haraka sauti inayotoka nyuma ya ukuta mrefu.

Yasmine alikuwa na miaka kumi na sita. Kadi yake ya mpiga kura ilisema ishirini na mmoja.

Hapo ndipo kosa la Feza lilipolala, na tuliseme wazi, maana nusu ya mji ina kosa hilo mfukoni. Tangu siku za Zaire serikali imesahau kuwapa watu vitambulisho. Inawakumbuka ikitaka kura tu. Basi kadi ya kura ndiyo imekuwa kila kitu: bila hiyo askari wa barabarani anakutikisa kama mti wa mapera, na ukienda mpakani Mokambo na balo la vitenge unarudishwa mikono mitupu. Mwaka ule wa kuandikisha wapiga kura, Feza alimpanga binti yake kwenye mstari ili aweze kumsindikiza mpakani. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwandikishaji alimtazama akacheka: "Mama, huyu hata meno bado yanaota!" Kisha akaandika kwamba amezaliwa 2005, akapiga picha, akaita mwingine. Hakuna aliyemfunga yule.

Magistra Katongo alikuwa anakula karanga juu ya faili za watu.

"Tena weye, mama? Nilikuambia nini juzi?"

"Chef, ule iko mutoto. Minamuzala miye mwenyewe, 2010."

"Karte inasema 2005. Karte ya République. Weye na République, nani mukubwa?"

Wanawake waliokaa kwenye benchi walicheka kidogo, kicheko cha kujikinga.

Mwalimu Shafi alifungua daftari. Kila mtoto aliyefanyiwa akika mtaani kwao aliandikwa humo siku ya saba: jina, baba, mbuzi, tarehe. Akaweka kidole chini ya mstari. "Yasmine binti Yuma. Baba yake marehemu ndiye aliyeleta mbuzi, mweusi, pembe moja. Tazama mwaka."

"Papa Mwalimu, mbuzi hana muhuri."

"Na sheria yenu inasema umri ukiwa na mashaka, mtoto ahesabiwe mtoto."

"Mimi sina mashaka," alisema Katongo, akatema ganda.

Askari akamwingiza Yasmine. Nywele zake zilikuwa zimekatwa ovyo, shingo imejaa alama za kunguni, na amejifunga kitenge kisicho chake. Feza alitaka kumshika. Askari akaweka mkono katikati.

"Unakula, mwanangu?"

"Ile bamama banakulaka kwanza. Miye nalamba sufuria." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. Sauti hiyo ndiyo iliyomchoma Feza. Akizoea hivi mwezi mmoja tu, binti aliyemjua hatarudi tena nyumbani.

Katongo akafuta mikono. "Mama, sikiliza muzuri. Karte ikiwa ya kweli, binti anabaki na bakubwa. Karte ikiwa ya bongo, kuna muntu alidanganya État, serikali. Ule muntu ni nani?"

Feza akauona mtego wote, ulivyotegwa na ulivyopakwa mafuta. Wao ndio waliomnyima mtoto karatasi, wao wakamuuzia uongo kwa kura moja, na leo wanauliza nani mwongo.

"Mama, usiseme," Yasmine alinong'ona. "Badogo yangu kwetu batabaki na nani? Miye nitazoea."

"Nyamaza! Hutazoea kitu hapa!" Feza akageukia meza. "Ni miye. Andika."

"Unajua kama nikiandika, nakufunga?"

"Uliniuliza nani, sikukuuliza utanifanya nini. Andika Feza, wa Kamalondo. Andika nilidanganya. Na uandike na ule mwandikishaji wenu alicheka."

"Ule sitaandika."

"Najua."

Katongo aliandika polepole, akapiga muhuri mara mbili: mmoja wa kumpeleka Yasmine kwa jaji wa watoto, mmoja wa kumfungia mama yake ndani ya kasho. Mihuri ile ilikuwa pale tangu siku ya kwanza, haikuhitaji hata wino mpya.

"Mumupeleke binti kwa jaji sasa," akamwambia askari.

"Chef, motokari haina mafuta."

"Basi na miguu!"

Mwalimu Shafi akasimama. "Wadogo zake watakula kwangu, mama Yasmine. Usiwaze." Askari akamwambia atembee nyuma, mbali na mfungwa. Mzee akajibu kwamba amemfundisha binti huyu alifu na bee, na atatembea anapotaka. Akaenda ubavuni kwake.

Kupitia dirisha Feza aliwaona wakivuka lami kwenye jua kali. Yasmine aligeuka mara moja, akaanza kulia kwa nguvu, mdomo wazi, kama mtoto.

"Mama, viatu," alisema askari wa kasho, ufunguo mkononi.

Feza akavivua, macho yake bado dirishani.