Kiti cha Kushoto

Kwa miaka tisa nilikuwa macho ya Mutale, na Madame Edith, mtahini wa leseni, alimwangusha mtihani mara mbili kwa sababu yangu.

Nieleze kabla hamjanihukumu. Lori letu la zamani lilitoka Zambia, usukani uko kulia, kwa sababu kule kwao wanapita kushoto mwa barabara. Huku Kongo tunapita kulia. Dereva wa lori kama hilo hukaa upande wa majani, na akitaka kumpita aliye mbele yake, haoni kinachokuja. Lazima awe na mtu kwenye kiti cha kushoto. Mtu huyo, convoyeur kama tunavyomwita, nilikuwa mimi, Sumaili, mzee wa miaka hamsini na saba ambaye hajawahi kushika usukani maishani. Mutale aliuliza, kwa "Ba" ya heshima ya kwao, "Ba Sumaili, njia?" Nikapiga mlango makofi mawili: pita. Kofi moja: ngoja, usituue. Lubumbashi hadi Kasumbalesa mpakani, kwenda na kurudi, hatukugonga hata mbuzi.

Halafu kampuni ikaleta malori mapya, usukani kushoto. Watu wa bima nao wakasema mgeni yeyote mwenye mkataba wa muda apate leseni ya lori kubwa ya hapa hapa. Ile ya kwao haitoshi. Karatasi ya kazi ya Mutale ilikuwa inaisha Ijumaa. Bila leseni haiongezwi, na bila karatasi anarudi kwao Zambia, Kitwe, kwa binti yake aliyebakiza mwaka mmoja tu kumaliza masomo ya uuguzi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tulimpa jembe miaka tisa, leo ndipo tunamwuliza kama anajua kulima. Nilikasirika, na bado nimekasirika.

Kuendesha anajua kuliko waliomtahini. Ugonjwa wake ulikuwa shingo. Siku ya mtihani Madame Edith alikaa kulia kwake na kabrasha lake. Walipofika kwenye mzunguko, Mutale akageuza shingo kumtazama, akauliza, "Ba Sumaili, njia?"

Mara ya kwanza mama huyo alicheka, lakini alimwangusha. Mara ya pili alifunga kabrasha.

"Monsieur, miye si convoyeur yenu. Macho muko nayo, mutumikishe yenu."

Ikabaki nafasi moja, Alhamisi, siku moja kabla ya karatasi kuisha. Gauthier, mkuu wa madereva tuliyemwita chef, akatuachia lori moja jipya tufanye mazoezi alasiri kwenye uwanja wa kampuni. Siku ya kwanza nilikaa kulia. Mutale akauliza njia, na mkono wangu, mpumbavu kama bwana wake, ukapiga mlango makofi mawili. Mazoea yana taabu. Siku ya pili nikajaza mdomo karanga na kukalia mikono. Akauliza. Nikatafuna. Akangoja. Tulisimama pale katikati ya uwanja mtupu, hakuna kinachokuja ila kuku mmoja, na dereva mwenye miaka ishirini na minne barabarani anangoja ruhusa yangu.

"Ba Mutale," nikasema karanga zikinitoka, "siku nitakufa, utabakia hapa?"

Alicheka mpaka akalala juu ya usukani. Kisha akatazama kushoto mwenyewe, akaenda.

Nyumbani Rehema, mke wangu, aliniwekea bukari, ugali wetu, na matembele, akaniangalia ninavyokula kwa uvivu.

"Ile camion ya mupya iko na kiti ya convoyeur?"

"Kiti iko."

"Ya nani?"

"Ya bure. Chef alisema mu camion muntu ni mumoja tu."

"Sasa weye unafundisha muntu namna ya kukuacha."

Nikamega tonge. Nilikuwa nimechoka: magoti, mgongo, vumbi la miaka tisa kifuani. Wala sitajifanya mtakatifu. Jumanne, kwenye kona ya uwanja, nilitamani kumpigia mlango kofi moja tu, nimwache na ugonjwa wake. Aende zake Kitwe, sote tukae bila kazi, tuwe sawa. Wivu ni mchafu, lakini nilikuwa nao, na nilikalia mikono kwa nguvu zaidi.

Jumatano tulipomaliza, Mutale hakushuka.

"Ba Sumaili, nikipita ule mutihani, weye utatumika wapi?"

Niliona kwamba nikisema kweli, kesho shingo itageuka.

"Chef alishanipatia kazi ku dépôt. Kufungula mulango. Miye nilichoka na barabara."

"Ya kweli?"

"Ya kweli."

Akashusha pumzi. Nusu ya maneno yangu ilikuwa kweli, kuchoka.

Alhamisi nilisimama nje ya uzio wa mahali pa mtihani. Lori lilirudi baada ya dakika arobaini. Madame Edith alishuka, akaweka sahihi juu ya boneti, na aliponiona akanyanyua nyusi. "Leo alitumikisha macho yake." Mutale alinikumbatia hadi kofia ikaanguka, akasema binti yake lazima asikie sasa hivi, akaenda kupiga simu.

Jumamosi asubuhi nilimrudishia Gauthier koti la kazi na viatu vya ncha ya chuma. Alisema pole, na naamini alimaanisha. Nikarudi kwa miguu kuelekea Kenya, mtaa wetu wa hapa hapa Lubumbashi.

Kwenye njia panda kubwa nililiona lile lori jipya likitoka barabara ya pembeni, Mutale ndani, peke yake. Nilikuwa upande wake wa kulia, hatua sita tu. Nikainua mkono. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akanipita kwa macho kama nguzo ya umeme, akarudi kushoto. Alikuwa akitafuta magari. Mimi sikuwa gari, na kwa hesabu yake nilikuwa langoni mwa kampuni nimekaa kwenye kivuli.

Ningeweza kumwita kwa jina. Basi dogo lilipita, kisha pikipiki mbili, kisha barabara ikawa tupu. Mkono wangu ulishuka wenyewe, ukapiga paja makofi mawili.

Alikuwa ameshaondoka kabla ya kofi la pili.