Kilo za Stany

Kituo kidogo cha afya, mtaani Manika, kilikuwa na mizani moja tu, ya watoto wachanga. Stany hakuwa mtoto mchanga. Alikuwa mchimba mawe mzima, amelala hana fahamu, maambukizi yamemwingia kwenye damu. Serumu ilikuwa imeingia mshipani chupa baada ya chupa na presha haikupanda. Ilibaki dawa moja, ya kupitishwa kwenye pampu, nayo huenda kwa uzito: mikrogramu kumi kwa kila kilo, kila dakika. Ikipungua haisaidii, ikizidi, moyo unakimbia hadi unachoka.

"Bwana yako iko na kilo ngapi?" Mama Laurentine, muuguzi, alimwuliza Mado, mke wa Stany.

"Mi niliolewa naye, mama. Sikumupima."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na depo ya Tata Ngeleka, mnunuzi wa mawe ya shaba. Aliposikia shida, hakungoja kuombwa. Aliipakia mizani yake kwenye mkokoteni akaisukuma mwenyewe, jasho likimtoka. Nyuma yake wakaja wachimbaji sita, maana mchimbaji aliye kwenye foleni ya kupimiwa mawe haiachi mizani itoke machoni pake. Wakajaa dirishani.

Stany akalazwa juu ya mizani taratibu, amekunjwa ndani ya kitenge cha Mado.

Arobaini.

"Makumi ine?" Mado akashika kiuno. "Hata mbuzi ya mama yangu inamupita!"

"Ugonjwa unakondesha," alisema Ngeleka, akitazama dari.

Laurentine hakubishana. Alivua viatu akapanda yeye. Jumapili alikuwa amepimwa hospitali kubwa: kilo tisini, na alizikubali zote. Mizani ikasema sitini.

Alishuka, akavaa viatu, akamsogelea Ngeleka.

"Tata, sikuulizi kwa ubaya. Inakata kilo makumi tatu kwa kila mzigo, ama inakula moja katika tatu? Ikiwa ni ya kwanza, Stany iko na makumi saba. Ikiwa ni ya pili, makumi sita. Mashine inangoja."

"Mizani yangu iko muzuri, mama."

"Basi mi nimepoteza kilo makumi tatu tangu Jumapili?"

Ngeleka aliwatazama wale sita dirishani, akamtazama Stany, ambaye midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

"Moja katika tatu," alisema.

Muteba, aliyekuwa mbele ya wachimbaji wenzake, alivuta pumzi ndefu.

"Ile tutaisemea kesho, Tata Ngeleka. Mama, piga hesabu."

Laurentine akaandika kiganjani: kumi mara sitini, mara dakika sitini, mikrogramu elfu thelathini na sita kwa saa. Kila mililita ya sindano ilibeba elfu nne. Akaiwekea pampu mililita tisa kwa saa.

Walingoja. Mado alishika mkono wa Stany. Ngeleka, akiwa hana pa kukimbilia, alishika miguu, akaisugua ipate joto, na hakuna aliyemwambia aiache. Presha ikapanda kidogo, halafu tena.

Mchana Stany alifumbua macho. Aliiona mizani, akamwona mwenye mizani.

"Kilo ngapi?" aliuliza kwa sauti ya karatasi.

"Makumi sita," alisema Ngeleka. "Kamili."

Stany akafumba macho tena.

"Mado," alisema, "unizike kwetu Kasaji. Ngeleka amepima kweli, mi nimeshafika mbinguni."