Mwezi Nyuma ya Mikaratusi

Mume wangu Twaha, mwalimu mstaafu wa hesabu, ndiye aliyekuwa akiandika jedwali la mwezi la msikiti wetu hapa milimani Lushoto. Kalenda za Dar hazijui milima, alisema. Mwezi unaweza kuandama na sisi tusiuone, kwa sababu magharibi yetu ni ukingo wa mlima, na juu ya ukingo kuna mikaratusi. Alipima kimo cha miti ile, mdogo wake Omari akimshikia kamba, akakiingiza katika kila hesabu. Watu walimtania kwamba anagombana na mwezi. Mimi nilimsomea tarakimu, yeye akaandika, na kila akimaliza moja alisema, “Inayofuata.” Miaka kumi na mmoja. Kusema kweli, nilichoka.

Alifariki alfajiri ya mwezi mosi, jedwali la mwaka mzima likiwa tayari. Nikakaa eda: miezi minne na siku kumi, kwa mwezi mwandamo. Ikiisha, Omari angenipeleka Zirai kwa binti yangu Sabra, na nyumba ingefungwa. Sikulia. Wanawake waliokuja kunipa pole walilia, nami nikawapa chai. Ndani yangu hamkuwa na kitu, hata hasira.

Mwezi wa tatu wa eda wenye shamba walikata mikaratusi. Misumeno ililia siku nne. Nilifunga dirisha, basi.

Jioni ya siku ya ishirini na tisa ya mwezi wa nne nilichungulia nje. Mwezi ulikuwapo juu ya ukingo mtupu, mwembamba kama kipande cha ukucha. Jedwali lilisema huku kwetu hauonekani mpaka kesho. Nikavuta pazia, nikaenda kuosha vyombo. Sikumwambia mtu.

Siku kumi zilipotimia, Omari akaja na gari.

“Shemeji, eda imekwisha. Redio ilitangaza mwezi.”

“Jedwali la kaka yako linasema kesho.”

Alilitazama jedwali, kisha akautazama ukingo usio na mti hata mmoja.

“Basi nitakuja kesho,” akasema.

Siku ile nzima nilikaa kwenye kiti cha Twaha bila kufanya lolote. Jioni nikachukua penseli yake, nikaandika pembeni mwa jedwali, ili watu wa msikiti wajue: mikaratusi imekatwa, mwezi utaonekana mapema. Halafu, kwa mazoea, nikangoja aseme, “Inayofuata.”

Nilingoja sana. Ndipo nilipojua kwamba amekufa.