Mwanzo Mpya wa Onda

Charlène alipiga simu Jumapili, mama yake, Mathilde, akiwa bado na joho la kwaya mwilini, akamwambia kwamba ile filamu ya baba imerudi.

"Filamu gani?" Mathilde akauliza, ingawa katika maisha yao palikuwa na filamu moja tu ambayo mtu angeweza kuiita ya baba.

"Onda, mama. Bameisafisha yote, épisode kwa épisode. Vainqueur ameiona kwa internet. Kuya hapa kwangu, tuiangalie kwa télé kubwa."

Mathilde akakaa kwenye benchi la nje ya kanisa. Upepo wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ulikuwa ukirusha vumbi jekundu juu ya viatu vya watu waliokuwa wakiagana, naye akaikunja miguu yake chini ya benchi kama mtoto. Furaha nayo hutaka nguvu, na nguvu zake alikuwa ameshazigawa: fungu la cherehani, fungu la foleni ya maji, fungu la magoti yaliyokataa kupanda hata mlima mdogo wa kwenda sokoni. Furaha haikuwa imetengewa kitu.

"Nitakuya," akasema mwishowe. "Wakinipa ruhusa ya kutoka, nitakuya."

Onda ilikuwa filamu ya vipindi, ya watu wanaokaa kwenye sayari ya mbali. Mwaka wa themanini na nane Wazungu walioitengeneza walifika Kivu wakitafuta mahali pasipofanana na dunia, wakayapenda mawe meusi ya volkeno upande wa Goma. Vyombo vyao vilibebwa na lori la parokia ya Bukavu, na dereva wa lori hilo alikuwa Sylvain Lwaboshi, kijana aliyekuwa amemwoa Mathilde Pasaka iliyotangulia. Siku ya mwisho ya kazi mwigizaji wao akaangushwa na malaria. Vazi la msafiri wa angani lilikuwa limeshonwa kwa mtu mrefu mwenye mabega membamba, na mtu wa namna hiyo aliyekuwa amebaki pale ni dereva peke yake. Wakamvika. Akatembea juu ya mawe, akasimama, akaivua kofia ile kubwa ya kioo kwa mikono miwili, akaitazama kamera.

Basi tu. Lakini mkuu wao aliipenda picha ile hata akaiweka mwanzoni mwa kila kipindi, pale majina yanapoandikwa. Mapadri walipoionyesha kwa video kwenye ukumbi wa chuo chao, watu walijaa mpaka madirishani. Kila kipindi kilianza na Sylvain wao, mtoto wa mtaa wa Kadutu, akivua kofia kwenye sayari nyingine. Jina lake peke yake halikuandikwa. Yeye alikuwa akilicheka jambo hilo. "Bameandika hata yule alikuwa anabapikia chai," alikuwa akimwambia Mathilde. "Mi bamesahau. Lakini yule wa chai hakuna mutu anamuona."

Mwaka wa tisini na sita, vita vilipoingia Bukavu, Sylvain aliwapakia wagonjwa wa parokia kwenye lori lile na kuelekea Walungu. Hakurudi. Mathilde alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nyumba iliungua na albamu ya harusi ndani yake. Charlène alizaliwa njiani, akakulia njiani, na kila alipouliza baba alikuwa na sura gani, mama yake hakuwa na picha ya kumwonyesha. Alikuwa na ile hadithi: iko filamu moja, mwanzoni kabisa, anavua kofia. Siku moja tutaipata.

Ruhusa ilitoka, na Jumamosi Mathilde akateremka kwenye stendi ya Old Town jijini, Charlène akampokea begi. Binti huyu alikuwa muuguzi kwenye zahanati moja ya watu binafsi jijini, ndiyo maana alikuwa na kibali cha kukaa huko, nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Area 18 pamoja na mumewe Vainqueur aliyekuwa akifundisha Kifaransa. Charlène alikuwa amevaa gauni zuri, la kwenda nalo harusini, na Mathilde alipoliona akaogopa kidogo.

Baada ya chakula Vainqueur akafunga mapazia ili jua lisiingie kwenye kioo. Mathilde akaomba kiti cha mbao. Sofa ilikuwa ikimmeza, na kutoka humo ilikuwa kazi.

Muziki ukaanza. Ulikuwa ule ule, ila umejazwa vinanda na ngoma ambazo zamani hazikuwamo. Zikatokea nyota, nyingi na safi mno. Ikatokea merikebu ya angani inayong'aa, ambayo Mathilde hakuikumbuka, ikapita polepole mbele ya sayari ya zambarau iliyokuwa ikizunguka. Majina yakaanza kuja kwa herufi za dhahabu, yakigeuka na kufifia. Mathilde alikuwa amejikunja mbele, mikono magotini, akiyangoja mawe. Mawe hayakuja. Jina la mwisho likasimama peke yake katikati ya weusi wa anga: *Sylvain Lwaboshi, msafiri wa kwanza*, kwa Kifaransa. Kisha mlango wa merikebu ukafunguka, Wazungu wawili wakaanza kubishana kuhusu oksijeni.

Charlène alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalikuwa yakimtiririka juu ya vidole.

"Rudisha," akasema Mathilde.

Vainqueur akarudisha. Nyota, merikebu, sayari, dhahabu. Jina.

"Yeye iko wapi?"

"Njo ile, mama," akasema Charlène, akinyoosha kidole kwenye kioo. "Jina njo ile."

"Jina nimeiona. Niko nauliza mutu."

Vainqueur akatazama simu yake, akasoma kidogo, akaeleza kwa upole wa mwalimu kwamba waliosafisha filamu wameutengeneza mwanzo upya kwa kompyuta. Vipindi vyenyewe ni vile vile, havikubadilishwa. Ni mwanzo tu.

"Mwanzo tu," Mathilde akarudia.

Charlène alikuwa ameshapiga picha ya kioo kwa simu yake, jina likiwa limesimama. Alimgeukia mama yake, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyenyang'anywa kitu kabla hajakishika vizuri. "Miaka yote uliniambia hawakumuandika. Sasa bamemuandika, peke yake, kwa dhahabu. Dunia yote itasoma. Kwako haitoshi?"

"Jina nilikuwaka nayo, Charlène. Hiyo hakuna mutu aliiunguza."

Jioni Mathilde alilala mapema kwenye kitanda cha wageni, akasikia jinsi binti yake alivyokuwa akiurudia ule muziki chumba cha pili, sauti ikiwa chini, tena na tena. Hakumlaumu. Yeye mwenyewe, kama angekuwa hajawahi kuuona uso ule, pengine angeshiba herufi.

Asubuhi Vainqueur alisema angewaandikia wale watu wa filamu. Mathilde akamwambia aandike akitaka. Alirudi Dzaleka siku hiyo hiyo, na majirani walipomuuliza kama amemwona mumewe, akajibu kwamba wamemwandika jina, vizuri sana. Wakampa hongera. Akashukuru, akaenda kushona.

Jibu lilipokuja, Charlène hakulisema kwa simu. Aliomba siku ya mapumziko, akafika kambini na mkate na sukari, akaketi kitandani kwa mama yake maana kiti kilikuwa na nguo za watu. Akaeleza. Aliyejibu ni mwanamke wa Brussels aliyesimamia kazi yenyewe. Alisema ukanda wa filamu wenye ule mwanzo ulikuwa umehifadhiwa peke yake, na unyevu ukauharibu; walipofungua boksi walikuta kitu kama ugali. Ndiyo sababu wakatengeneza mwingine. Katika kutafuta walikutana na mzee aliyekuwa msaidizi wa kamera, naye ndiye aliyelikumbuka jina la dereva na kushikilia liandikwe. Hawakujua kwamba dereva ana familia. Mwanamke huyo aliomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Lakini iko mutu moja kule kwao," Charlène akaendelea, "aliirekodi nyumbani kwa télé, zamani. Kaseti imechoka, hawakuweza kuitumia. Ametuma kipande ile ya mwanzo. Sijaiangalia. Nilisema tuione wawili."

Mathilde akainuka na kufunga mlango, kwa sababu ya mwanga, na pia kwa sababu ya majirani. Wakakaa bega kwa bega, simu ya Charlène katikati yao.

Palikuwa na mistari myeupe inayotetemeka, kisha muziki, mwembamba kama unatoka kwenye mtungi. Kisha mawe. Mathilde aliyajua kabla hayajatulia. Mtu mrefu akaja kutoka mbali, bega la kushoto likiwa chini kidogo, mwendo wa mtu aliyezoea kushuka kwenye lori. Akasimama. Mikono miwili ikapanda, kofia ikatoka, na uso ukatokea, na pale pale ulipotokea, herufi kubwa nyeupe zikapanda juu yake. Jina la mkuu wa filamu likapita juu ya mdomo, likapanda juu ya pua, likakaa machoni. Nyuma yake la mtunzi wa muziki. La aliyeshona mavazi. La aliyekuwa akipika chai, kweli lilikuwako. Jina la mwisho lilipokuwa likitoka kwenye paji la uso, picha ikakatika.

"Maandishi hii," akasema Mathilde, "ilikuwako?"

"Tangu zamani, mama. Si njo majina ya mwanzo?"

Wakaangalia tena. Kwa miaka thelathini na zaidi Mathilde alikuwa ameutunza uso ule ukiwa mtupu, hata herufi moja haiko juu yake. Ukumbini hakuwa akisoma. Alikuwa akimtazama mumewe. Sasa macho yake yalikuwa yamezeeka, na ajabu yake ni kwamba hayakuweza kuona kitu kingine ila maandishi.

"Nimechoka," akasema. "Zima kwanza."

Charlène akazima. Baadaye, wakinywa chai, akasema kwamba Vainqueur anamjua fundi wa simu Old Town mwenye programu ya kufuta maandishi kwenye picha. Inajaza yenyewe pale palipozibwa. Mathilde alitaka kuuliza inajaza kwa kitu gani, lakini swali lilionekana refu.

"Fanyeni," akasema.

Wiki iliyofuata Charlène akaja tena, bila mkate, mwendo wa haraka. Akampa simu kabla ya kuketi. Kwenye kioo alikuwako kijana mzuri, ngozi safi, mawe meusi nyuma yake yakiwa makali kama yamechongwa jana. Alitazama mbele kwa macho makubwa yenye mwanga.

"Njo yeye?"

Mathilde akaisogeza simu mbali, akaileta karibu. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Neno dogo, na wote wawili wangepumzika. Akalitafuta, na hakuwa na nguvu za kulibeba neno lile miaka iliyobaki.

"Kidevu njo yake," akasema. "Masikio pia. Macho, sijue ni ya nani."

Charlène akaichukua simu, akakaa nayo mapajani. "Fundi alisema mashini inakisia."

"Imekisia vibaya."

"Niifute?"

"Ni simu yako."

Charlène hakuifuta. Alikuwa akipitisha kidole juu ya kioo bila kukigusa. "Tangu jana niko naangalia huyu mutu," akasema. "Nilishamuzoea, mama. Nimemuambia mambo mingi."

Hapo Mathilde alimwona binti yake kama alivyokuwa: mwanamke wa karibu miaka thelathini, mwenye mume na kazi, aliyepanda minibasi akiwa amebeba baba, na mama yake akamwambia si yeye. Akatamani kulirudisha neno, na akajua kwamba akilirudisha litakuwa limeharibika.

"Basi iache," akasema. "Lakini usiite baba."

"Nitaiita nani?"

Mathilde akaviondoa vitambaa kitandani, akalala chali, maana mgongo ulikuwa ukimwaka, akafunika macho kwa mkono. Nje mtu wa kabaza, ile baiskeli ya kubeba abiria, alikuwa akigombana na abiria wake kwa Chichewa, kisha wakacheka, wakaondoka.

"Fungua ile ya kaseti," akasema. "Ile mbaya. Simamisha pale jina ya chai iko inapita."

Charlène akafungua, akasimamisha.

"Jicho ya kuume ilikuwa ndogo kuliko ya kushoto. Si sana. Akicheka, ile ndogo inafunga kwanza, ile ingine inabaki inakuangalia. Mi nilikuwa nasema iko nanichunga." Akapumzika kidogo. "Nyeupe ya macho yake haikuwa nyeupe. Ilikuwa na rangi sawa chai ya maziwa, sababu ya vumbi ya barabara. Siku nilimuona mara ya kwanza nilifikiri iko mugonjwa."

"Na kope?"

"Fupi. Zako njo zake."

Charlène akaigusa kope yake kwa ncha ya kidole, kisha akainamia tena kioo, mahali palipokuwa na herufi nyeupe. Aliuliza kama ile siku ya mawe baba alikuwa anacheka au anaogopa.

"Sijue," akasema Mathilde, mkono ukiwa bado machoni. "Hakuniambia. Uliza ingine."